Sanduku linasema mita 15, maji yanafika mita 8: namna ya kuipima bunduki ya maji kwa haki

"Habari za kazi, mtaalamu. Nimewanunulia wanangu wawili, wa miaka 9 na 12, bunduki mbili za maji za kuchezea. Ya kwanza ina tangi la lita moja ambalo hujazwa maji, kisha hupampiwa hewa. Sandukuni pameandikwa kwamba inarusha hadi mita 15. Ya pili ni nzito zaidi, na ndani yake mna mfuko wa mpira unaovimba kadiri maji yanavyopampiwa. Hiyo imeandikwa mita 12. Tulipozijaribu, ya kwanza ilifika kama mita 8 tu, na baada ya sekunde chache maji yakawa yanadondoka karibu na miguu. Ya pili ikaishinda, ingawa ndiyo yenye ahadi ndogo. Mkubwa anasema dawa ni kujaza tangi hadi juu kabisa, kutoboa tundu la mbele liwe pana zaidi, na kuongeza hewa kwa pampu ya baiskeli. Je, nimeuziwa kitu kibovu? Nitazipimaje kwa haki, na je, ushauri wa mwanangu una ukweli wowote?"

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kunieleza muundo wa kila bunduki badala ya rangi na sura yake tu, maana bila hilo nisingeweza kukujibu. Unataka kujua kama umepunjwa, na nyuma ya swali hilo lipo jingine kubwa zaidi: kitu cha kuchezea chenye ahadi ya namba kinapimwaje na mtu asiye na maabara? Kwa maelezo yako, bunduki ya kwanza huenda haina ubovu wowote. Inatenda kile ambacho muundo wake unairuhusu kutenda, na ile namba ya sandukuni huenda ilipatikana katika hali ambayo wewe hukuijaribu. Ama ushauri wa mwanao, sehemu moja ni kosa, nyingine ni nusu ya ukweli, na ya tatu ni hatari. Kwa hiyo, kabla hujaendelea kusoma, naomba pampu ya baiskeli iwekwe mbali. Sababu zake nitazieleza kwa kirefu huko mbele.

Tuanze na jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Bunduki ya maji isiyo na betri haina nguvu yake yenyewe. Kila tone linaloilowesha fulana ya mwenzake limesukumwa na mkono wa mtoto, ama papo hapo ama dakika moja kabla, na kazi ya bunduki ni kuipokea nguvu hiyo, kuitunza isivuje, na kuiachia kwa wakati mmoja kupitia tundu linalofaa. Ukiitazama hivyo, unajua la kuuliza mbele ya bunduki yoyote: inaitunza nguvu kwa njia gani, inapoteza kiasi gani njiani, na inaiachiaje?

Chukua aina sahili kuliko zote, ya bomba na pistoni kama sirinji. Mtoto akisukuma kwa kani ya nyutoni 100, yaani sawa na uzito wa mzigo wa kilo 10 hivi, juu ya pistoni yenye kipenyo cha sentimita 3, maji yaliyo ndani yatapata shinikizo linalozidi lile la angahewa kwa takribani mara 1.4, na yatatoka kwa kasi ya karibu mita 17 kwa sekunde. Hiyo si kasi ndogo. Ukiipunguza pistoni iwe ya sentimita 2, mkono uleule utazalisha shinikizo zaidi ya maradufu, lakini kila msukumo utatoa maji machache zaidi. Kasoro ya aina hii haimo katika nguvu. Ni kwamba mtoto hawezi kusukuma na kulenga kwa wakati mmoja bila mikono kutikisika, na msukumo ukiisha, maji yameisha.

Aliyeivunja kasoro hiyo kwa mafanikio makubwa ni mhandisi Mmarekani Lonnie Johnson. Mwaka 1982 alikuwa akijaribu nyumbani kwake mtambo wa kuhamisha joto unaotumia maji badala ya Freon, gesi iliyotumika katika majokofu, na alipouunganisha na sinki la bafuni, mchirizi mkali ulikatiza chumba. Wazo lililozaliwa hapo liliingia sokoni mwaka 1990 kwa jina la Power Drencher, na mwaka uliofuata likapewa jina la Super Soaker. Msingi wake ni kutenganisha kupampu na kurusha: mkono unafanya kazi kidogo kidogo mara nyingi, hewa iliyobanwa inailimbikiza kazi hiyo, na kifyatulio kinaiachia yote kwa mara moja. Bunduki yako ya kwanza ni kizazi cha wazo hilo.

Sasa tuitazame ile namba ya mita 15. Kasi ya maji yanayotoka tunduni hutegemea kipeuo cha pili cha shinikizo lililo nyuma yake; hili limejulikana tangu karne ya 17, katika kazi za Mwitaliano Evangelista Torricelli. Shinikizo likizidi la nje kwa kiasi cha angahewa moja, maji hutoka kwa mita 14 hivi kwa sekunde. Likizidi kwa mbili, mita 20. Na ili kupata mita 28 lazima ufikishe nne. Kwa maneno mengine, kuongeza kasi mara mbili kunadai shinikizo mara nne, na hapo ndipo tamaa ya kupampu bila kikomo inapogonga ukuta.

Lakini hata kasi hiyo nzuri ya mita 20 haitoshi ikiwa mtoto anailenga bunduki sambamba na ardhi. Kitu chochote kinachoachiwa kutoka kimo cha mita 1.2, yaani bega la mtoto, hufika chini baada ya nusu sekunde hivi. Katika nusu sekunde, maji yenye kasi ya mita 20 kwa sekunde husafiri mita 10, na hapo tumejifanya hakuna hewa kabisa. Ukiikumbuka hewa inayoyapinga, mita 8 ulizozipata ni matokeo ya bunduki yenye afya njema. Ili kuifikia namba ya sandukuni, ni lazima bunduki iinuliwe, na kwa kawaida lazima uhesabu hadi tone la mwisho kabisa lililoanguka mbali kuliko yote. Sipendi namba za namna hiyo. Zinaweza kuwa kweli na bado zisimweleze mnunuzi kitu, kwa sababu mtoto aliyesimama mita 15 akidondokewa na matone matatu hawezi kusema amelowa.

Hewa inayachukua maji kwa njia inayostahili kutazamwa kwa macho. Siku moja yenye jua, mwombe mwanao arushe mchirizi mbele ya ukuta wenye rangi nyeusi, nawe usimame ubavuni mwake. Katika sentimita 50 za mwanzo, ikiwa bunduki ni nzuri, utaona kitu kama kijiti cha kioo, laini na kisichotikisika. Mbele kidogo uso wake unaanza kukunjamana, kisha unatokea mafundo mafundo kama shanga kwenye uzi, na baada ya hapo shanga zinaachana na kuwa matone yanayotawanyika. Mvutano wa uso wa maji ndio unaoukata mchirizi namna hiyo, jambo lililochunguzwa katika karne ya 19 na Mbelgiji Joseph Plateau na baadaye Mwingereza Lord Rayleigh. Tatizo la matone ni kwamba yana uso mkubwa na uzito mdogo, hivyo hewa huyasimamisha haraka, na kadiri tone lilivyo dogo ndivyo linavyosimama mapema. Maji yenye kasi ya mita 20 kwa sekunde, yakirushwa kwa nyuzi 45 pasipo hewa, yangefika mita 40. Uwanjani huoni hata nusu ya hizo.

Kwa hiyo mtengenezaji makini hashughuliki na shinikizo peke yake. Anajitahidi mchirizi utoke ukiwa umetulia, ili ukae mzima kwa muda mrefu kabla haujavunjika. Njia ya maji kutoka tangini hadi mdomoni inapaswa kuwa pana na yenye kona chache, kisha isinywae ghafla bali kwa mteremko. Baadhi ya bunduki huwa na vijibamba vidogo vilivyopangwa kama msalaba, au mirija myembamba iliyofungwa pamoja, nyuma tu ya tundu, ili kuyanyoosha maji yaliyokuwa yakizunguka. Chungulia ndani ya mdomo wa bunduki zako kwa tochi na huenda utaviona. Tundu lenye ukingo uliochanika au mabaki ya plastiki ya kiwandani hurusha mchirizi unaofumuka tangu mwanzo, na kasoro hiyo moja inaweza kukuibia mita kadhaa.

Hapa ndipo nusu ya ukweli ya mwanao inapoingia. Ni kweli kwamba mchirizi mnene wenye kasi ileile hufika mbali zaidi kuliko mwembamba, kwa kuwa uzito wake huongezeka kuliko uso unaopigwa na hewa. Lakini angalia gharama yake. Tundu la milimita 2 kwa kasi ya mita 20 hupitisha takribani mililita 63 kwa sekunde. Liwe milimita 4, nalo litataka mililita 250 kwa sekunde, mara nne, maana eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo. Je, vali na mrija wa ndani vina uwezo wa kupitisha kiasi hicho? Katika bunduki nyingi za ukubwa wa yako havina. Shinikizo litatumika lote katika kuyapitisha maji kwenye sehemu nyembamba iliyo nyuma, na mbele yatatoka yakiwa mengi, mazito na yenye uvivu. Kisha mililita 700 zilizokuwa zinatosha sekunde 11 zitakwisha kwa chini ya sekunde 3. Zaidi ya hayo, tundu lililotobolewa kwa mkono halitokei laini, na likishatobolewa halirudi. Ikiwa anataka kujaribu unene wa mchirizi, atafute bunduki yenye mdomo unaozungushwa kuchagua matundu tofauti; hapo atajifunza bila kuharibu.

Ushauri wa kujaza tangi hadi juu ndio ulio kosa, na nautaka ueleweke vizuri kwa sababu ndio unaoeleza ni kwa nini maji yalianza kudondoka karibu na miguu. Maji hayabanwi, kinachobanwa ni hewa iliyo juu yake, na hewa ndiyo ghala la nguvu. Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba hewa ikiachiwa nafasi mara mbili, shinikizo lake hupungua kuwa nusu. Sasa piga hesabu na tangi lako la lita moja. Umetia mililita 700 za maji, ikabaki nafasi ya hewa ya mililita 300. Umepampu mpaka shinikizo la ndani limekuwa mara tatu ya lile la angahewa, yaani mara mbili juu ya hali ya nje, na maji yanaanza kutoka kwa mita 20 kwa sekunde. Ukisharusha mililita 300, hewa sasa ina nafasi ya mililita 600, shinikizo limeshuka hadi mara moja na nusu, ziada iliyobaki ni nusu ya angahewa tu, na kasi imekuwa mita 10. Zaidi ya nusu ya maji bado yamo tangini, lakini bunduki imekwisha kuchoka.

Ungejaza mililita 900, hewa ingekuwa mililita 100 tu. Ingefika shinikizo lilelile kwa mipigo michache sana ya pampu, na mtoto angefurahi, lakini baada ya kurusha mililita 100 pekee ingekuwa imechoka vilevile. Ungejaza nusu, ingebidi kupiga pampu mara nyingi zaidi, lakini mchirizi ungedumu na nguvu yake. Kwa pampu inayoingiza mililita 30 za hewa kwa mpigo, ni mipigo kama 7 kwa tangi lililojaa sana, 20 kwa lenye mililita 700, na zaidi ya 33 kwa lenye nusu. Kwa mtoto wa miaka 9 ningependekeza maji yafike theluthi mbili ya tangi, basi. Na kila baada ya kurusha kwa sekunde mbili tatu, aongeze mipigo michache kabla hajarusha tena.

Bunduki yako ya pili iliushinda huo uchovu kwa njia nyingine. Muundo wa mfuko wa mpira ulipata umaarufu mwaka 1996 kupitia modeli ya Super Soaker iliyoitwa CPS 2000, na herufi hizo zilisimama badala ya maneno yenye maana ya mfumo wa shinikizo lisilobadilika. Umewahi kupuliza puto? Pumzi za mwanzo ndizo ngumu. Likishaanza kuvimba, linavimba kwa urahisi, na shinikizo lake halibadiliki sana mpaka linapokaribia kikomo. Mfuko wa bunduki una ukuta mnene zaidi, lakini tabia yake ni ya jamii hiyo. Mtoto anapopampu, maji yanaingia na kuuvuta mpira. Anapofyatua, mpira unarudi ukiyasukuma kwa nguvu inayokaribia kuwa ileile tangu mwanzo hadi mwisho, kisha mchirizi unakatika ghafla. Ndiyo maana hukuona maji yakififia polepole. Tena, pampu yake inasukuma maji na si hewa, kwa hiyo kila mpigo unahesabika: mililita 30 zilizoingia ndizo mililita 30 zitakazotoka.

Gharama zake zipo. Mfuko hubeba maji machache kwa mrusho mmoja, na inabidi kupampu upya kabisa. Uzito huongezeka. Na mpira ni kitu kinachozeeka: jua huukausha, na ukiachwa umejaa maji usiku kucha hulegea, ukapoteza sehemu ya nguvu zake. Mwagize mtoto afyatue hadi mwisho kila mchezo unapokwisha, kisha uihifadhi bunduki kivulini.

Tuje kwenye kupima, jambo ambalo naamini litakupa raha zaidi kuliko kununua bunduki ya tatu. Chagua wakati usio na upepo na sehemu kavu ambayo alama ya maji inaonekana wazi. Usiishike bunduki kwa mkono, bali iegemeze juu ya kitu imara ili kimo na mwelekeo visibadilike. Rusha kwanza ikiwa sambamba na ardhi, halafu ikiwa imeinuliwa nyuzi 30. Nyuzi hizo ni rahisi kuzipata: chukua ubao wenye urefu wa mita 1, inua ncha yake moja sentimita 50 kutoka ardhini, na mwinuko wa ubao utakuwa nyuzi 30 kamili. Vitabu vya shule husema nyuzi 45 ndizo bora, lakini hilo ni kwa mahali pasipo hewa. Kwa maji, mwinuko mdogo kuliko huo kwa kawaida hushinda.

Panga vikombe vinavyofanana kila baada ya mita moja kwenye mstari wa mrusho, uvisogeze sawa na mahali maji yanapoangukia, na baada ya kila mrusho tazama kikombe gani kimepata maji mengi zaidi. Hapo ndipo pana umbali wa kweli wa bunduki. Lile tone la mwisho liandike pembeni kama habari ya ziada. Rudia mara 5 kwa idadi ileile ya mipigo ya pampu na kiasi kilekile cha maji, kisha uchukue matokeo ya katikati. Usichukue yaliyo bora kuliko yote, hata watoto wakikusihi, maana ukifanya hivyo utakuwa umerudi kwenye tabia ya sanduku.

Kipimo cha pili ninakithamini kuliko umbali. Ipime bunduki kwa mizani ya jikoni kabla na baada ya mrusho mmoja, ukikumbuka kwamba gramu moja ya maji ni mililita moja, na uurekodi mrusho huo kwa simu ili upate muda wake. Tuseme imepoteza gramu 240 kwa sekunde 4. Huo ni mtiririko wa mililita 60 kwa sekunde. Kama tundu lina kipenyo cha milimita 2, eneo lake ni milimita za mraba 3.14, na ukigawanya utapata kasi ya wastani ya mita 19 hivi kwa sekunde. Bila chombo chochote cha kitaalamu umeijua kasi ya maji, na sasa unaweza kujua kosa liko wapi: bunduki yenye kasi nzuri na umbali mbaya ina tatizo la mdomo, na yenye kasi ndogo ina tatizo la shinikizo au uvujaji. Gawanya pia zile gramu 240 kwa idadi ya mipigo uliyopampu. Ukiona bunduki moja inatoa mililita 10 kwa mpigo na nyingine 25, umejua ipi inamchosha mtoto bure.

Bado kuna jaribio la subira. Jaza, pampu, iache dakika 10, kisha urushe na upime tena. Umbali ukipungua sana, hewa inatoroka. Sikiliza karibu na kifuniko na karibu na mahali mpini wa pampu unapoingia, au paka povu la sabuni kwa nje ukatazame vipovu vinavyokua. Mara nyingi mkosaji ni oringi, ile pete ndogo ya mpira inayozuia uvujaji. Katika bunduki nilizowahi kuzikagua zikidaiwa kufa, nilikuwa nikiitoa pete, nikiisugua kwa kidole, na kuukuta ukwaruzo wa chembe moja ya mchanga. Ioshe pete, ipake grisi ya silikoni kidogo sana, uirudishe. Usitumie grisi ya magari, kwa kuwa mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira. Kwa sababu hiyohiyo ya mchanga, maji ya kujazia yawe safi na ya kawaida: ya chumvi yatakula springi, na ya moto yatalainisha plastiki iliyopaswa kuhimili shinikizo.

Katika muundo, mwache mdogo awe hakimu. Je, mkono wake unafika mwisho wa mpini wa pampu bila kuegemeza bunduki tumboni? Je, anaweza kuifungua na kuifunga kofia ya tangi ikiwa imelowa? Lita moja ya maji ni kilo moja, na ikiwa tangi liko mbele sana, kilo hiyo itauvuta mtutu chini kila anapolenga. Kifyatulio kikiwa kizito au vali yake ikifunguka polepole, maji ya kwanza yatatoka bila nguvu na kuyazuia yanayofuata. Rangi angavu nayo ni sehemu ya muundo mzuri. Chombo hiki kisifanane hata kwa mbali na silaha halisi, na ningekataa kabisa chenye rangi nyeusi tupu, hata kingekuwa bora kwa vipimo vingine vyote.

Nimeahidi kurudi kwenye pampu ya baiskeli. Pampu iliyokuja na bunduki huwa ndogo kwa makusudi, na nyingi zina vali ya usalama inayotoa hewa shinikizo likizidi. Pampu ya baiskeli inaweza kufikisha mara sita au nane ya shinikizo la angahewa, na ukiiunganisha mahali pengine unairuka vali hiyo. Msongo unaouvuta ukuta wa tangi hukua sambamba na shinikizo: likiwa mara nne, na msongo ni mara nne, na plastiki haipasuki mahali ilipo nene bali kwenye mshono, palipounganishwa nusu mbili. Maji yenyewe hayarushi vipande, lakini hewa iliyobanwa hutanuka kwa ghafla, na tangi linapasuka likiwa limekumbatiwa kifuani au karibu na uso. Mabomba magumu ya plastiki ya mafundi bomba, ambayo vijana hupenda kuyageuza matangi ya hewa, ni mabaya zaidi, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha. Kama mwanao ana shauku ya kweli ya kuunda, na inaonekana anayo, mpeleke kwa mwalimu wa fizikia au fundi wa pampu aliye tayari kukaa naye, wafungue pamoja bunduki iliyokwisha kuharibika. Tangi lenye ufa, doa jeupe la plastiki iliyochoka au mshono unaotokwa na maji halirekebishwi kwa gundi, litupwe.

Macho nayo yana sheria yake. Mchirizi wa kasi ya mita 20 kwa sekunde, ukitoka karibu, unaweza kulijeruhi jicho hata kama ngozi haihisi kitu. Wasilenge uso, na wasirushiane wakiwa karibu kuliko mita 3. Mtoto mwenye miwani ya kuogelea yuko salama zaidi na kwa kawaida anaipenda. Mtoto akipigwa jichoni, kisha akawa na maumivu yasiyopungua, ukungu, damu inayoonekana kwenye sehemu yenye rangi ya jicho, miali ya mwanga au vitu vyeusi vinavyoelea, usimsugue wala usisubiri kesho. Mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, kwa kuwa damu iliyovuja ndani ya jicho au utando wa nyuma uliochanika huenda usionekane kwa macho yako wewe mzazi.

Ama uamuzi wenyewe, mimi nisingeirudisha hata moja. Bunduki ya mpira ningempa wa miaka 12, maana ana mikono ya kuupampu na uzito wa kuubeba, na michirizi mifupi yenye nguvu inamfaa mtu anayekimbia na kulenga. Ile ya tangi ni nyepesi, inasamehe makosa, na ikijazwa theluthi mbili itamtosha wa miaka 9. Zipo pia za betri zinazopampu zenyewe. Zinaondoa uchovu wa mkono, lakini zinaleta chaji inayoisha, sehemu za umeme zinazochukia maji na uzito zaidi, na kwa umri wa wanao sioni kwamba unazihitaji. Rudi kwanza uwanjani na ule ubao wa mita 1, uiinue bunduki ya kwanza nyuzi 30 ikiwa na mililita 650 za maji. Ikiwa baada ya mipigo 20 hivi maji mengi hayapiti mita 8 hata hapo, na lile povu la sabuni halioneshi uvujaji wowote unaoweza kuurekebisha, basi ichukue pamoja na vipimo vyako ulivyoviandika uirudishe ulikoinunua.